Maswali ya Mtu Asiyeumwa

Nyumbani,
3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta chini ya ngazi na si juu yake, maana Mama anasema wewe husoma barua popote inapokufikia. Sisi hatujambo. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwa hiyo cherehani haipoi, na sebule imejaa sketi za bluu zisizo na wenyewe. Jirani wa ukuta wa pili amenunua redio nyingine. Sasa anazo mbili, moja ya taarifa na moja ya muziki, na zote huzungumza kwa pamoja. Mimi nimemaliza vitabu vya rafu ya chini kule maktaba na nimeanza vya rafu ya kati.

Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu ya Mama huku Mama amesimama pembeni akingoja simu yake.

Tangu likizo iliyopita, asubuhi siwezi kuinuka. Si kwamba sitaki. Akili inaamka, mwili unabaki umelala. Kiuno na nyonga huwa kama vimemwagiwa zege. Nikishajikokota na kutembeatembea, zege linaachia taratibu, na ikifika alasiri naweza hata kwenda maktaba kwa miguu. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mama ananiona asubuhi nimeshika ukuta, jioni ananiona narudi na vitabu kwapani, anasema, "Asubuhi bibi kizee, jioni mwanamwali. Ugonjwa gani huu wenye ratiba?"

Zahanati walisema ni maumivu ya kukua. Mama alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akamwambia muuguzi, "Mbona hakui?"

Wiki iliyopita alinitega. Nilikuwa kitandani, nikamsikia akisema kwa sauti uani, "Haya, barua ya kaka yako hii, dereva wa lori anaondoka." Niliruka, Kaka. Sikufikiri. Nilipofika mlangoni machozi yalikuwa yanatoka kwa maumivu, naye alikuwa amekunja mikono. Hapakuwa na barua wala dereva. Akasema, "Kumbe unaweza." Tangu siku hiyo ananitazama kama anavyomtazama mteja anayesema nguo imerudi fupi.

Mwalimu mkuu amesema nikiendelea kuchelewa ataniondoa darasa la mtihani. Mama amesema hatangoja aibu hiyo. Mwisho wa muhula ataniachisha mwenyewe, nikae naye kwenye cherehani. Kisha akaongeza, "Ila nitamsikiliza kaka yako. Akisema unaumwa, utabaki. Akisema ni uvivu, tumemaliza." Unajua tangu Baba atutoke, neno lako humu ndani ndilo hufunga mlango.

Mwambie mimi si mvivu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mdogo wako


Jengoni,
21 Februari

Profesa,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na alama ya kiatu cha dereva, lakini maneno yanasomeka. Msalimie Mama, mwambie sare za bluu zitamtia wazimu kabla ya wenye sare. Mimi mzima kabisa. Tunapaka rangi bweni la ghorofa nyingi, refu, wenzangu wanasema ukilitazama juu kofia inaanguka. Mjomba bado ndiye msimamizi na bado ni mjomba yuleyule. Anasema kwake hakuna wagonjwa, kuna waliopo na waliokwenda. Juzi kijana mmoja alisema anasikia kizunguzungu juu ya ngazi. Kabla hajamaliza kushuka, mfuko wake wa nguo ulikuwa getini.

Sasa hilo lako. Usikasirike. Mama alinipigia kabla barua yako haijafika, na alichonieleza hakikai sawa. Mtu anaumwa asubuhi wakati wa shule, jioni amepona wakati wa maktaba. Mtihani unakuja. Na wewe ni mtoto unayesoma. Mtu anayesoma akiamua kutunga ugonjwa, anatunga wenye kichwa na mkia.

Kwa hiyo nitakuuliza, na unijibu hapohapo unaposoma, bila kwenda maktaba.

Ukilala muda mrefu, unapata nafuu au unazidi? Ukipiga chafya asubuhi, mbavu zinakubana au hazina habari? Ukitaka kugeuka kitandani, unageuka kama watu wote au unajigeuza mzima mzima kama gogo? Kisigino, ukikanyaga sakafu mara ya kwanza, unahisi nini? Na maumivu ya huko unakokalia, yanakaa upande mmoja, au leo kulia kesho kushoto? Na uchovu wako: ni usingizi, au ni kuchoka kusikoishwa na usingizi?

Mwongo nitamjua. Mwongo husema kupumzika kunamsaidia.

Kaka yako


Nyumbani,
2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hapa ni salama. Mama amemaliza sketi na ameingia kwenye mashati, na amejichoma sindano kidoleni lakini hataki kuulizwa. Redio moja ya jirani imeharibika, bahati mbaya ni ile ya muziki.

Nimekujibu hapohapo kama ulivyotaka, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma.

Nikilala muda mrefu ninazidi. Jumapili, siku ambayo Mama huniacha nilale, ndiyo siku mbaya kuliko zote. Chafya ya asubuhi ninaiogopa. Nikiisikia inakuja nashika fremu ya kitanda. Kugeuka, ni kama gogo, tena gogo linalojihurumia. Kisigino ni kama nimekanyaga kokoto iliyo ndani ya ngozi. La huko ninakokalia naona aibu kuliandika, lakini ndiyo, yanahama kama mpangaji asiyelipa kodi. Na uchovu wangu hauishi kwa usingizi. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi, kana kwamba mtu amenitumia usiku kucha kwa kazi zake.

Sasa na mimi nikuulize moja tu. Nani alikufundisha maswali haya?

Muuguzi hakuniuliza hata moja kati ya hayo. Aliniuliza kama nakunywa maji ya kutosha. Daktari wa shule aliniuliza kama nina mpenzi. Wewe ni mpaka rangi, na umeniuliza habari za chafya. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikiisoma naona kama aliyeiandika alikuwa amelala kwenye kitanda changu.

Mdogo wako


Jengoni,
4 Aprili

Profesa,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Tumefika kwenye milango. Milango ni kazi ya heshima kuliko watu wanavyofikiri. Ukuta unasamehe, mlango hausamehe. Chakula kipo. Mjomba anawasalimu.

Maswali hayo nilimsikia mtu akiyasema. Watu husema mambo mengi kazini.

Kingine: usiandike tena habari za mwili kwenye barua. Dereva huzikabidhi kwa Mjomba, na Mjomba ndiye anayezigawa. Bahasha yako ya mwisho ilifika gundi ikiwa imeinuka pembeni. Labda ni joto.

Mama nimemwambia angoje. Soma kwa bidii.

Kaka yako


Nyumbani,
11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, mashati yamekwisha, zimebaki kola.

Nimeifunga bahasha hii kwa gundi, kisha nikaishona kwa uzi wa Mama pande zote. Mjomba akitaka kuifungua itabidi aazime mkasi.

Umemwambia Mama angoje. Hukusema ninaumwa na hukusema ni uvivu. Mama anasema, "Kaka yako ana maneno mengi, kwa hili tu ndiyo amekuwa bubu?" Mwanzoni nilidhani uko upande wake na unaona haya kuniambia. Nilikuchukia kwa siku kadhaa, nakuomba radhi. Halafu nikaanza kukushuku kwa jambo jingine.

Nilikujibu maswali yote sawa. Mtu anayemtega mwongo, akikuta si mwongo, anafurahi au anaona aibu. Wewe ulinyamaza mwezi mzima, kisha ukaniandikia habari za milango. Na tangu lini ukaogopa Mjomba asije akajua kwamba mimi kiuno kinaniuma? Mimi sifanyi kazi kwake. Hawezi kuweka mfuko wangu getini.

Kwa hiyo nilimuuliza dereva. Unajua jinsi ninavyoogopa kuongea na watu. Nilirudiarudia sentensi yangu nyuma ya mlango kabla ya kutoka. Nikamuuliza, "Kaka yangu hajambo?"

Akasema, "Kaka yako yupi, Kabati?"

Nikasema sijui Kabati ni nani.

"Ah, si yule mrefu wa milango. Sisi tunamwita Kabati. Ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka wote, kama kabati linahamishwa." Akacheka, halafu akasema, "Na siku hizi anapaka rangi amevaa miwani ya jua, ndani ya nyumba. Wenzake wanasema anakunywa, macho mekundu. Usimwambie mama yako."

Sikumwambia Mama. Nakwambia wewe.

Zamani barua zako zote zilikuwa za dari. Ulikuwa unasema mpaka dari ndiye mpaka rangi, wengine ni wachafuzi wa kuta. Sasa unasifu milango.

Unaumwa, Kaka? Na kama unaumwa, umejua tangu lini?

Mdogo wako


Jengoni,
26 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeifungulia chooni, kwa meno, maana uzi wako mtu haukati kwa vidole. Leo sina habari za kuanzia.

Sinywi. Jicho lilikuwa jekundu na lilikuwa linauma kwenye mwanga kama limetiwa pilipili. Hilo kwanza, kabla ya mengine: likikupata wewe usiogope mwalimu wala Mama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni la nyumba moja na hilo la mgongo. Jicho halingojei.

Mwaka jana, siku ile niliyosema nimekwenda harusini kwa rafiki, nilikwenda hospitali kubwa. Kabla yake nilishapita zahanati zote za njiani. Moja walisema figo, moja walisema nimenyanyua vitu vizito, moja waliniambia nioe. Kule hospitali kubwa wana daktari wa viungo. Aliniuliza maswali, na ndiyo yale niliyokuuliza. Akasema kinga ya mwili imepotea njia, inaushambulia mwili wenyewe, kwenye uti wa mgongo na nyonga, na inapopiga panavimba kwa ndani ambako macho hayafiki. Ndiyo maana watu hawaoni kitu. Akasema hauponi ukaisha, ila unashikika, kwa dawa na kwa kutokaa kitako. Kadiri unavyojilaza ndivyo unavyokukamata.

Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye dalili hizi, maana huwa unatembea kwenye ukoo. Nilisema hakuna. Wakati ule niliamini hivyo.

Halafu ikaja barua yako ya Februari.

Umeniuliza nilijua tangu lini. Nilijua nilipofika kwenye lile zege. Na nitakwambia kitu ambacho hakinipendezi: nilitaka uwe mwongo. Nilikaa na karatasi nikatafuta maswali magumu, nikitumaini utakosea hata moja. Ungesema kupumzika kunakusaidia ningecheka, ningekugombeza na kumpigia Mama tukusute pamoja. Ukajibu yote.

Sasa unaona kwa nini nilikuwa bubu. Nikimwambia Mama unaumwa, ataniuliza nimejuaje. Mama ni fundi, akivuta uzi mmoja haachi mpaka mkono wa shati utoke. Na akijua yeye, Mjomba anajua siku hiyohiyo, hawafichani kitu wale. Mjomba akijua kuna mtu wake asiyeweza kuinua shingo, mimi ni wa getini. Hii ndiyo kazi ninayoijua.

Usiniandikie kwamba umenisamehe. Ngoja kwanza nifanye kitu.

Kaka yako


Nyumbani,
7 Mei

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima kwa kiasi chetu.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeandika barua nyingine kabla ya hii na nikaichana, kwa hiyo hii ni ya pili na ina adabu zaidi. Miezi mitatu nimeitwa mvivu na ulikuwa na jibu mfukoni. Lakini nimefikiria pia kwamba miezi hiyo yote wewe umeitwa mlevi, ukanyamaza, na ukaendelea kupaka milango. Basi nimeshindwa kuendelea kukasirika vizuri.

Sasa sikiliza, hili ni la haraka.

Ulimpigia Mama Jumamosi ukamwambia, "Mtoto si mvivu, usimwachishe." Nilikuwepo, nilisikia sauti yako. Nilidhani yamekwisha. Mama alikata simu, akaendelea kushona kola nzima, kisha akasimamisha cherehani.

"Amejuaje?" akaniuliza. "Yuko mbali. Hajakuona tangu mwaka jana. Miezi anasema ngoja, ngoja, leo ghafla si mvivu. Mmekaa mkapanga."

Nikasema hatujapanga.

"Barua zinashonwa kwa uzi wangu, halafu hamjapanga." Alijua habari za uzi. Sijui nilidhani nini. "Kaka yako ana nini?"

Ningeweza kusema hana kitu. Ningeweza kusema yote. Nilisema, "Muulize mwenyewe," na nadhani sijawahi kumjibu Mama kwa sauti ile. Hakunipiga. Alichukua kola nyingine, akasema, "Nitamuuliza. Tena sitamuuliza kwa simu."

Anakuja, Kaka. Ameshaongea na dereva. Barua hii inakuja na safari hii, naye anakuja na safari ijayo, akishakabidhi sare. Lori hufika huko alfajiri, na hiyo ndiyo saa aliyoitaka. Amesema, "Nataka kumkuta kabla hajajipanga." Amenikataza nisikuandikie. Ninaandika.

Najua utakavyofanya, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Utaamka mapema, utajinyoosha gizani mpaka zege liachie, utavaa shati safi, na Mama atakukuta umesimama mlangoni unamtania. Nimekuona ukimfanyia hivyo maisha yangu yote. Ukifanya hivyo safari hii tumekwisha wote wawili. Atarudi hapa na uhakika wake, ataninyang'anya madaftari, na hatatuamini tena kwa lolote.

Sijui kama ni haki kukuomba hili. Kazi ni yako na Mjomba atakuwepo. Lakini nakuomba, asubuhi hiyo moja, usijikaze.

Mdogo wako


Jengoni,
16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefika salama. Lori lilimtupatupa na amemwambia dereva anaendesha kama anayefukuzwa na mke.

Barua yako ilinifikia kwa wakati. Sitakudanganya: nilikuwa nimepanga kufanya kama ulivyosema. Usingizi uliniacha mapema, nikalisikia lori, nikasikia sauti yake nje na ya Mjomba. Tulikuwa tumelala chumba cha chini, magodoro sakafuni kati ya ndoo za rangi. Nilishatoa mkono mmoja nikaukita sakafuni ili niinuke. Shati lilikuwa kwenye msumari. Ningewahi. Kisha nikaurudisha mkono ndani ya shuka.

Mjomba ndiye aliyetangulia kuingia. Akasema, "Huyu bado? We Kabati, mama yako huyu hapa, amka upokee mzigo."

Nikaamka ninavyoamka. Wewe unajua, sina haja ya kukueleza. Nikageuka mzima mzima. Nikapiga magoti. Nikakaa pale kwenye magoti, maana pale ndipo ninapokaa kila siku. Nikatafuta ukuta, nikaupanda kwa mikono. Wenzangu walikuwa wameamka na hakuna aliyecheka. Hata mimi nilijiona, nadhani kwa mara ya kwanza, maana huwa nafanya nikiwa nimegeukia ukutani.

Katikati Mjomba alianza kusema, "Hivi wewe una..." Mama akamwinulia mkono. Unajua hakuna mtu anayemwinulia Mjomba mkono hapa jengoni. Akamwambia, "Ngoja. Mtoto anaamka."

Mjomba hajaniambia chochote mpaka sasa. Jana alinituma nikachanganye rangi, leo milango tena. Ukimya wake unanitisha kuliko kelele zake. Mfuko wangu uko palepale chini ya dirisha, naupitia nikiangalia kama umesogea. Tutajua.

Lakini nilitaka kukwambia habari za Mama. Niliposimama sawa nilikuwa nimeandaa majibu: tangu lini, daktari gani, kwa nini ulinificha. Nilikuwa nayo yote. Hakuuliza hata moja. Alikuwa bado na mkoba wake begani. Akaniuliza, "Na yule nyumbani, huwa anaamka hivi peke yake?"

Nikasema ndiyo.

Akavuta ndoo ya rangi, akaikalia mpaka mtu akamletea maji. Kesho tunakwenda naye kwa daktari wa viungo, kumuulizia siku ya kukuleta. Ya shule ameniambia nisijisumbue, ataongea na mwalimu mkuu mwenyewe, na kwa uso aliokuwa nao namwonea huruma mwalimu mkuu.

Barua hii inatangulia na lori la leo; yeye anarudi na lori la Jumatatu, atafika alfajiri. Amesema ukisikia mlango usiinuke. Atakuja mwenyewe mpaka kitandani.

Kaka yako